Kigoda cha Kahawa

Kigoda cha kahawa cha nyumba hii alikichonga baba mkwe wangu, na tangu nilipoolewa hapa Dangila hakuna aliyekikalia ila mimi. Naanza na hilo ili ujue ni kitu gani alichokichukua Woinshet.

Woinshet ni mke wa mwanangu Getaneh. Ni mpole, ana mikono mirefu, na hapazi sauti hata kuku akiingia kwenye unga. Ningependa awe na kasoro moja kubwa niishikilie, lakini bado sijaiona.

Ugonjwa wangu uko miguuni. Nikitembea sina neno. Nikikaa tu, hasa jua likianza kuteremka, kitu kinaanza kutambaa ndani ya miguu, kuanzia kwenye mashavu ya miguu hadi mapajani. Si juu ya ngozi, ni ndani, mahali ambapo mkono haufiki. Ni kama siafu wameingia kwenye mfupa na sasa wanatafuta pa kutokea. Baadaye kinavuta, kinauma, na dawa ni kusimama nitembee. Nikitembea kinanyamaza, nikikaa kinarudi. Usiku ndiyo usiseme. Nimeizunguka nyumba hii mpaka mbwa ameacha kunibwekea.

Sasa, mwenye kumimina kahawa hainuki ovyo. Anaosha buni, anazikaanga wageni wakinusa moshi, anatwanga, anachemsha kwenye jebena, lile birika letu la udongo. Anamimina mzunguko wa kwanza, abol. Anaongeza maji, anamimina wa pili, tona. Kisha wa tatu, baraka, ambao mtu mwenye adabu haondoki bila kuunywa. Muda wote huo majirani wamekaa kwenye majani mabichi yaliyotandazwa sakafuni, wanatafuna shayiri iliyokaangwa, na habari za mtaa zinazunguka pamoja na vikombe. Ukiinuka katikati ni kama padri ameacha ibada akaenda sokoni.

Mimi niliinuka. Buni zilikuwa zinapasuka kikaangoni, miguu ikaniwaka, nikasema acha nizunguke uani mara moja tu. Niliporudi, moshi ulikuwa mweusi. Jirani yetu Zenebech, ambaye neno likimfika ulimini halirudi tena, akapiga kelele:

"Asnakech! Leo unatunywesha kahawa au mkaa?"

"Ni miguu, dada yangu."

"Miguu? Ngoma yetu ya eskista inachezwa kwa mabega, wewe umeihamishia miguuni! Na harusi yenyewe hatuioni!"

Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu. Woinshet alizimwaga zile zilizoungua, akaosha buni nyingine, akaketi kwenye kigoda. Kigoda changu.

Na kahawa yake ikawa nzuri, Mungu anisamehe. Wakamsifu. "Mikono hii ibarikiwe!" Nilikunywa yangu nimeegemea mlango kama mtu aliyepita kuuliza njia.

Tangu siku hiyo ndiye aliyekaa pale kila jioni. Zenebech, ambaye miaka yote aliita jina langu akifika langoni, akaanza kuita, "Woinshet, imeiva?" Nikisikia hivyo kitu kilinichoma kifuani, na kuchoma huko hakukutulizwa kwa kutembea.

Woinshet ndiye aliyenipeleka kituo cha afya. Muuguzi, Sista Meseret, aliniangalia ndani ya macho, akanitoa damu, akaniuliza mambo ya usiku ambayo sikudhani mtu mwingine anayajua.

"Mama, ugonjwa huu tunaujua," akasema. "Ni miguu isiyotulia. Hujarogwa. Damu yako ina upungufu wa chuma, na chuma kikipungua miguu ya namna hii inazidi. Kahawa unakunywa?"

"Kidogo."

Woinshet akatazama sakafu. "Jioni anakunywa mizunguko yote mitatu, sista. Na asubuhi vilevile."

Hapo nikamwona vizuri. Nikajua anakitaka kigoda moja kwa moja, hata kwa mkono wa serikali. Sista akasema niache kahawa kuanzia mchana, vidonge vya chuma nimeze na maji ya machungwa, visikutane kabisa na kahawa, na jioni nitie miguu kwenye maji ya moto na kuikanda.

Njiani nikamwambia, "Umenishtaki."

"Emaye, sista aliuliza." Emaye ni mama yangu, ndivyo anavyoniita.

"Aliniuliza mimi."

"Na wewe ukasema kidogo." Nikaona mdomo wake unazuia kicheko. Wangu haukuwa na cha kuzuia.

Kila jioni alinichemshia maji, akaniletea beseni chumba cha nyuma. Mimi nikiwa nimetumbukiza miguu huko nyuma, nasikia vikombe vinagongana sebuleni na sauti yake ikikaribisha wageni. Nilisema moyoni, haya ndiyo maji ya kunifungia chumbani.

Vidonge nilimeza, lakini miguu haikubadilika. Asubuhi moja nikamwambia, "Dawa ya sista wako ni bure."

Akatazama kikombe mkononi mwangu. "Emaye, unavimezea kahawa?"

"Vinaacha ladha ya msumari. Ningeviteremsha na nini?"

Alicheka mpaka mjukuu wangu aliyembeba mgongoni akaamka. Nikangoja jioni nisikie Zenebech akinitania. Habari ile ingemtosha mwaka mzima. Jioni ikafika, nyingine ikafika, Zenebech hakusema lolote. Woinshet alikuwa ameinyamazia. Nililiona hilo, nikaliweka moyoni, ingawa wivu haukuhama ili lipate nafasi.

Nikaanza kumeza kwa machungwa. Polepole siafu wakapungua, ila jioni walikuwa bado wanarudi.

Kisha ikafika sikukuu ya Mikaeli, na zamu ya chama chetu cha wanawake ikaangukia nyumbani kwetu. Mtaa wote huja. Atakayeonekana kwenye kigoda siku hiyo ndiye mwenye nyumba, na hata mtoto analijua hilo. Zenebech akaniambia langoni, "Wewe pumzika, bibi. Woinshet yupo."

Nikaingia, nikaketi kwenye kigoda kabla ya mtu mwingine kukigusa. Nilimtazama Woinshet, nikangoja aseme jambo.

"Kaa, Emaye," akasema. "Mimi nitapepea mkaa."

Buni zilitoka vizuri. Abol ikapita salama. Kwenye tona siafu wakaamka. Jasho likanitoka. Macho ya Zenebech yalikuwa juu yangu, na nilijua nikisimama sasa, sitarudi pale tena.

Ndipo nikahisi mkono chini ya gauni langu refu. Woinshet alikuwa amechuchumaa ubavuni mwangu, pepeo mkono mmoja, uso wake kwenye mkaa kama mtu anayewaza moto tu. Mkono wa pili ulikuwa umeshika shavu la mguu wangu. Akaliminya, akalisugua, akahamia mguu wa pili, kwa nguvu, bila kupumzika. Siafu wakarudi nyuma. Nikamimina tona yote. Nikaongeza maji, nikamimina baraka, na hakuuachia mguu mpaka kikombe cha mwisho.

"Asnakech!" Zenebech akasema. "Leo umetulia kama kanisa! Umepona?"

"Kunywa, isipoe."

Kikombe changu sikukinywa. Nilikiweka mbele ya Woinshet.

Wageni walipoondoka nilimwona anakunja na kukunjua vidole, vimekakamaa. Nikamvuta akae, nikaushika ule mkono, nikaukanda. Nilimwambia, "Asubuhi nitakaa mimi, miguu yangu asubuhi ina akili. Jioni kaa wewe."

"Ndiyo, Emaye."

Kesho yake jioni nilikuwa nazunguka uani Zenebech alipofika langoni. "Woinshet, imeiva?"

Ilinichoma. Bado inanichoma. Nikamfungulia mimi.

"Imeiva, ingia," nikamwambia. "Ila ungekuja asubuhi ungekunywa kahawa."