Suruali ya Mwanajeshi Aliyerudishwa

Jeshi lilimkubali Gradi tena, ila suruali ya sare ilimkataa. Miaka mitatu ya kulinda mlango wa duka la vitanda kule Sandton, mtaa wa matajiri, ilikuwa imemnenepesha, maana kazi yenyewe ilikuwa kusimama na kula pai. Mama yake, Thérèse, fundi cherehani wa mtaa wa Rosettenville, alikuwa amepiga magoti nyuma yake, pini mdomoni, akiipanua kiunoni.

Barua ilikuwa fupi. Wote walioachishwa jeshi kwa kukataa chanjo ya korona waripoti kambini Jumatatu. Neno pole halikuandikwa.

Na aliyemkataza chanjo ni huyu huyu Thérèse, kiongozi wa waombezi katika kanisa lao, lililo ghorofa ya nne ya jengo moja mjini. "Ukiingiza ile dawa mwilini, usiniite tena mama," alimwambia. Gradi akajikaza kisabuni mbele ya makamanda, akafukuzwa, na kanisa zima likampigia vigelegele. Miezi miwili baadaye dada mdogo wa Thérèse akafariki kwao Bukavu, na shirika la ndege likadai kadi ya chanjo. Maji yalipomfika shingoni, mama wa maombi akapanga foleni kliniki kama watu wengine, akachanjwa, akaenda kuzika. Kadi aliificha, wala hakuona haja ya kumsumbua mtu na habari hizo.

"Kesho mchungaji atanipa maikrofoni," Gradi akasema. "Nitawaambia nilisimama imara kwa sababu mama yangu alisimama imara."

Thérèse akatoa pini mdomoni, moja moja. Zilikuwa sita.

"Usiseme vile, mtoto wangu. Mimi nilichanjwa. Ule mwaka wa matanga ya mama yako mdogo."

Gradi hakugeuka. Suruali ilikuwa imefumuliwa nyuma yote, na si rahisi mtu kukasirika kwa heshima akiwa katika hali hiyo.

"Iliuma?"

"Hapana. Kidogo tu."

"Eish." Macho yakamlowa. "Basi kesho utasema wewe."

"Mimi? Watanitoa kwa waombezi, Gradi! Mbele ya watu wote!"

"Watakurudisha, Mama," Gradi akasema. "Subiri tu miaka mitatu."