Punje za Kikohozi

Ile batri iliingia nyumbani kwa Nkambo Masengo imebebwa na wanaume wawili, mmoja huku, mmoja kule, wakipiga hatua ndogondogo kama wanaobeba maiti ya mkubwa. Ilikuwa batri ya lori, nyeusi, na vichwa vyake viwili vya risasi vimeota ukungu mweupe. Carine, mke wa mwanawe Urbain, akawaonyesha mahali pa kuiweka: chini ya kitanda, ambapo mwizi hafiki. Waya ukatoka dirishani, ukapanda mpaka kwenye pano ya jua juu ya mabati, na tangu siku hiyo wake za askari wa Base, kambi ya jeshi ya pale, wakaanza kuleta simu zao kuchajiwa kwa pesa kidogo.

Nkambo Masengo aliyatazama hayo yote akichambua matamba, majani ya muhogo, bila neno. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa kuangalia.

Mvua nazo zilianza juma lilelile. Nkambo akaitoa mbabula yake, jiko la makaa, katikati ya kiwanja, akaileta chini ya mabati, ukutani, ili makala yasilowe. Na juma lilelile mjukuu wake Feza, wa miaka mitatu, akaanza kukohoa. Si usiku, si mchana. Asubuhi tu. Kifua kinalia fii, fii, kama filimbi iliyoingia mchanga, mpaka machozi yanamtoka. Kufika saa nne kimekwisha, mtoto anakimbiza kuku.

"Mama Feza," Nkambo akamwambia Carine, "kile kintu iko chini ya kitanda kinapumuaka."

"Batri haina pua, mama."

"Haina pua, lakini iko na harufu. Inama pale, usikie. Sawa mayai ya kuoza. Na mutoto analala juu yake sawa samaki juu ya makala."

Carine akacheka. Alizaliwa kambini, akakulia kambini, na watoto wa kambi hawaogopi vitu vya chuma. "Na minyi je? Si nalalaka palepale? Mbona sikohole?"

"Weye uko mukubwa. Sumu inaanzaka na kadogo."

Mashaka ya Nkambo hayakuishia kwenye batri. Kulikuwa na simu ya Carine, ambamo Feza aliangalia katuni mpaka inapata moto kama kiazi kilichotoka majivuni. Nkambo aliishika kwa pembe ya kikwembe alichojifunga kiunoni tu. Kulikuwa na vikombe vya plastiki vyekundu vya sokoni. Siku moja alimimina uji wa moto ndani ya kimoja, akanusa, akaumwaga. Uji ulikuwa unanuka ndoo mpya. Akavikusanya vikombe vyote vinne, akavikata kwa kisu, akavitia katika mfuko wake nyuma ya mlango, pamoja na sashe, vifuko vya plastiki vya chumvi, na vipande vya bido, madumu yaliyopasuka, maana kwa Nkambo kitu hakitupwi.

Wakaenda kwa muuguzi Zacharie, kwenye kituo cha afya. Zacharie akamsikiliza mtoto mgongoni, akauliza, "Nyumbani munapikaka na nini?"

"Na makala, docta, sawa bantu bote," Nkambo akajibu.

Zacharie akaandika siro ya kikohozi. Siro ikaisha. Filimbi ikabaki.

Basi Nkambo akatoa lile lililokuwa moyoni: angemchukua Feza, ampeleke Kabongo kwa dada yake, mahali pasipo waya wala pano.

"Feza hatoke hapa bila minyi," Carine akasema, na safari hii hakucheka.

"Afadhali mutoto alie ju ya mama yake kuliko alie ju ya kifua."

Waliporushiana maneno hayo siku tatu, Urbain akapiga simu kutoka huko jeshi lilikompeleka. "Mupatane," akasema. "Nikirudia nikute mutoto anapumua. Kintu ingine sitauliza."

Wakapatana hivi. Batri itoke chumbani, ikae katika kibanda cha kuku. Nkambo aweke kopo la maziwa dirishani: asubuhi Feza akikohoa, punje ya mahindi, asipokohoa, haragi moja. Kikohozi kikiisha, Carine ataiuza batri na kazi ya simu itakufa. Kisipoisha, Nkambo hatataja tena Kabongo.

"Na bongo hapana," Carine akasema. "Punje zisidanganye."

"Minyi na bongo? Weka weye mwenyewe."

Siku kumi na moja batri ikalala na kuku. Kopo likapata mahindi kumi na moja. Carine alitingisha kopo kila asubuhi, polepole, lisikike vizuri. Moyoni Nkambo alisema sumu ya siku nyingi haitoki kwa siku moja. Akaificha ile simu ya katuni. Siku tatu, mahindi matatu.

Hapo ndipo habari ya msiba ikafika: kaka yake mkubwa amekufa Kabongo. Nkambo akafunga mzigo, akaenda kwenye matanga. Akakaa siku tisa.

Aliporudi, hata kabla ya kuvua viatu vyenye vumbi la barabara, aliuliza kopo. Carine akalileta. Nkambo akalimwaga juu ya mkeka. Mahindi kumi na manne, ya zamani. Na maharagi tisa.

"Haleluya!" akasema. "Umeona? Ile batri..."

Akakatika. Batri ilikuwa na kuku tangu zamani. Na simu ya katuni? Feza mwenyewe alikuwa ameketi nayo pale mlangoni, anaangalia panya wanaocheza ngoma, na kifua chake kimya kabisa. Kitu kimoja tu hakikuwapo nyumbani siku zile tisa.

Carine alikuwa anatazama vile viatu vya Nkambo vyenye vumbi. "Feza, kuya hapa," akasema, ingawa mtoto alikuwa anakwenda kwenye paja la bibi yake. "Nkambo amechoka."

Kesho yake, mahindi yakarudi, na jirani yao Albertine, aliyekuja kuchukua simu yake, akahesabu kopo kwa macho, akavuta midomo. "Nkambo akitoka, mutoto muzima. Nkambo akirudia, fii, fii. Minyi sisemi kintu. Minyi nahesabu tu."

Na mji mzima wa Kamina unajua lile neno la uchawi linalosemwa mwanamke mzee na mtoto mgonjwa wakiingia katika kopo moja. Wazee wamefukuzwa nyumbani kwa hesabu ndogo kuliko hiyo.

Jioni Nkambo alikaa peke yake kwenye kigoda. Akajinusa. Alinusa mikono, alinusa kikwembe, kama mtu anayemnusa mgeni. Sabuni. Jasho. Moshi. Na ndani ya ule moshi, harufu kali ya uchungu iliyokuwa imeshika nguo zake zote, na ambayo kule Kabongo, kwa dada yake anayepika na kuni, hakuisikia hata mara moja.

Asubuhi alifanya kazi zake moja moja, polepole, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Feza alikuwa chumbani. Siku hizi Carine hakumtoa mpaka jua lipande. Nkambo akafagia. Hakuna kitu. Akachota maji. Hakuna kitu. Akapanga makala katika mbabula, ukutani, chini ya dirisha. Akatia mkono nyuma ya mlango, katika mfuko wake, akatoa kipande cha kikombe chekundu, akakiwasha na kibiriti, akakichomeka katikati ya makala. Plastiki ikalia, ikadondoka matone ya moto, ikatoa moshi mweusi kama utambi mbovu. Moshi ukapanda ukuta. Ukafika dirishani. Ukaingia.

Ndani ya chumba: fii. Fii, fii.

Hakuwa amemgusa mtoto. Hakuwa hata amemwona.

Nkambo Masengo akasimama na kibiriti mkononi. Miaka arobaini alikuwa akiwasha hivyo, kiwanjani, kwenye upepo, kama kila mwanamke aliyemjua. Akawaza: naweza kunyamaza. Nawasha na kitu kingine, kikohozi kinakufa, nasema ni maombi, au ni batri imeacha kupumua. Nani atajua? Wazo hilo likamkalia vizuri, kama kigoda cha zamani. Lakini akamkumbuka Albertine na hesabu yake, akakumbuka Carine alivyosema *Nkambo amechoka*. Akachukua maji aliyochota, akamwagia mbabula.

"Mama Feza! Kuya huku. Na weye, Albertine, nakuona pale nyuma ya lupango, usijifiche, kuya."

Wakaja.

"Nilipokuwa Kabongo, moto mulikuwa munawasha na nini?"

Carine akashangaa. "Minyi siwezake kuwasha mbabula, mama, unajua. Nilikuwa naomba makala ya moto kwa Mama Amisa."

Mama Amisa, mfanyabiashara wa Maniema wa nyumba ya pili, huwasha na magunzi makavu ya mahindi.

"Basi njo minyi, si batri," Nkambo akasema.

Albertine akapiga makofi. "Amesema! Mumesikia na masikio yenu, amesema mwenyewe!"

"Funga kinywa, mama, kisiingie nzi. Leta pua." Akauweka ule mfuko mbele yao, akaufungua. Sashe, bido, vikombe. "Nilikuwa naogopa uji usiingie ndani ya plastiki. Kisha plastiki ileile namuletea mutoto ku kifua, kila asubuhi, ku dirisha."

Carine akainama, akanusa makala yaliyolowa. "Lakini bantu bote banawashaka na sashe, mama."

"Na batoto babo? Nani aliwawekea kopo?"

Albertine akageuza shingo kuelekea nyumba yake. Mwanawe wa mwisho alikuwa na kamasi tangu mvua zianze.

Wakalimwaga kopo, wakaanza upya. Magunzi yakatoka kwa Mama Amisa, kikapu kizima. Haragi. Haragi. Haragi. Siku ya sita, mahindi, na Carine akamtazama Nkambo kwa jicho lilelile la zamani. Lakini Nkambo alinyoosha kidole tu, juu ya ukuta, ambako moshi mweusi wa Albertine ulikuwa unaletwa na upepo. Carine mwenyewe ndiye aliyekwenda kugonga mlango. Alivyosemezana na Albertine hakuna aliyesikia, ila kelele zilisikika mpaka kwa Mama Amisa, na siku ya saba ikawa haragi.

Siku ya kumi, wake za askari wamejaa mlangoni na simu zao, Carine alitoka chumbani na Feza kiunoni na kikwembe begani. Akamweka mtoto mgongoni kwa Nkambo, akamfunga mwenyewe, akakaza fundo.

"Mubebe, mama. Minyi mikono yangu iko na kazi."

Nkambo akainama kidogo, kusudi mtoto akae vizuri. Akasikiliza kifua kidogo mgongoni mwake, mpaka akaridhika. Mfuko wa plastiki bado uko nyuma ya mlango, umefungwa kamba, maana kuuchoma haiwezekani na mahali pa kuutupa hakupaona. Na batri iko kwa kuku. Carine aliomba irudi chumbani.

"Hapana," Nkambo akasema. "Hiyo bado naiangalia."