Mstari wa 214

Kila asubuhi Bang Se-ryeong alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Alivua viatu, akavaa ndara zake za ndani, akaweka chai ya shayiri jikoni, kisha akaosha vikombe sita vya timu yake ya waandishi wa programu kwa maji ya moto, kimoja kimoja. Hakuna aliyemwagiza. Aliipenda tu ile nusu saa ambayo hakulazimika kuongea na mtu.

Siku hiyo alikuwa ameshika kikombe cha nne simu ya mezani ilipolia.

"Mimi Pyo Sang-uk, fundi wa kompyuta wa hospitali," mwanamume alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mashine yenu imeganda, dada."

"Imezima?"

"Ingezima ningeshukuru, kengele zingelia. Imesimama tu. Skrini za wauguzi zikabaki kama zilivyokuwa saa kumi na mbili na dakika nne. Kitanda cha kumi na moja, mapigo ya moyo sabini na mawili. Sabini na mawili kwa dakika kumi na tisa. Bibi wa kitanda cha kumi na moja amefariki."

Maji yaliendelea kumwagika. Se-ryeong alipokumbuka kufunga bomba, kiganja chake kilikuwa kimekuwa chekundu.

Alimwomba fundi amtumie maandishi yote ambayo mashine iliandika kabla ya kuganda. Yalipofika aliyasoma akiwa amesimama, na kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza alikuwa ameshajua.

Programu ya skrini ilikuwa imeugusa ukurasa, yaani kipande cha data, ambao haukuwa ndani ya kumbukumbu. Hilo hutokea mara elfu kwa dakika na halimdhuru mtu. Kiini cha mfumo, kile kinachoiendesha mashine nzima, kiliisimamisha programu na kuuagiza mfumo wa faili ukaulete ukurasa huo kutoka diski. Mfumo wa faili ulifunga kufuli lake ili asiingie mwingine, ukaanza kazi, na ukiwa humo ndani ukaomba kumbukumbu kidogo ya kufanyia kazi. Siku nyingine ingepatikana papo hapo. Asubuhi ile mashine ilikuwa imejaa pomoni. Kiini kikaanza kutafuta cha kuondoa, kikaugeukia mfumo wa faili ule ule: toa kwanza kurasa zako za zamani. Na kuzitoa kulihitaji lile lile kufuli.

Ni kama mtu aliyejifungia stoo, akaita aletewe gunia, na mwenye gunia akasimama nje akingoja afunguliwe. Watangoja hivyo mpaka mtu ang'oe waya ukutani.

Dawa yake ni neno moja. Unapoomba kumbukumbu ukiwa umeshika kufuli, unaliwekea ombi alama: nipe, ila usirudi kwangu kuitafuta. Mstari wa 214 haukuwa na alama hiyo. Chini ya kiraka chote, yale marekebisho ya programu yaliyobeba mstari huo, katika safu ya waliokipitia, palikuwa na jina moja. Imekaguliwa na Bang Se-ryeong.

Kiraka kilikuwa cha Cha Gi-tae, mkuu wa timu. Ndiye aliyemfundisha kuyasoma maandishi ya mashine iliyoanguka, kuanzia chini kwenda juu. Mwaka wa kwanza wa Se-ryeong kazini, wageni walipokichanachana kiraka chake mbele ya orodha nzima ya barua pepe ya wasanidi duniani, Cha ndiye aliyewajibu, kwa upole, barua baada ya barua, mpaka wakatulia.

Katika timu yao hakuna aliyemwambia mkubwa kwamba amekosea. Ulimuuliza swali lililo jirani na kosa, naye akageuka akaliona mwenyewe. Mwezi wa nne Se-ryeong aliuona mstari wa 214, akaandika barua, akaifuta, kisha akamfuata Cha kwenye foleni ya chakula cha mchana. "Mkuu, kumbukumbu ya mashine za hospitali itatosha kweli?" Cha alikuwa na trei mkononi. "Itatosha, usijitie wasiwasi. Chukua supu kabla haijaisha." Hakugeuka. Jioni ile Se-ryeong aliweka jina lake.

Saa nane mchana fundi Pyo aliwasili, kitambulisho cha hospitali bado shingoni. Walikaa watatu katika chumba kidogo cha mikutano.

"Umekula, fundi?" Cha aliuliza.

"Sijala."

"Nitakuagizia kitu tukimaliza. Hatutachukua muda." Alisukuma karatasi ya ripoti mbele ya Pyo. "Mashine ya kazi moja umeibebesha kazi tatu. Skrini, taarifa za wagonjwa, na picha za eksirei juu yake. Hata punda angelala chini."

"Punda huyo mlinipa ninyi, Mkuu. Na karatasi juu, kwamba anabeba."

"Anabeba mzigo wake, si wa jirani."

"Jirani, ile mashine ya pili, alikufa mwezi wa sita. Niliomba mashine nyingine, nikaambiwa ningoje." Pyo alijifuta uso kwa kiganja. "Sawa. Kuijaza niliijaza. Lakini mashine iliyojaa huenda polepole, Mkuu. Mbona hii ilisimama kabisa?"

Cha alimgeukia Se-ryeong, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. "Mwezi wa nne uliniuliza nini kwenye foleni? Mwambie fundi."

"Niliuliza kama kumbukumbu ya mashine za hospitali itatosha."

"Umesikia? Binti wa miaka mitatu kazini aliliona hilo. Wewe una miaka mingapi, fundi?"

"Kumi na saba," Pyo alisema polepole. Alimtazama Se-ryeong bila chuki, kama anayemshukuru kwa kumwambia ukweli. "Basi ni mimi. Mtoto wa yule bibi aliniuliza ni nani aliyesababisha, sikujua la kumjibu. Sasa nitampelekea jina."

Aliivuta karatasi. Sababu ya tukio, iliandikwa, ni kuzidishwa kwa mzigo kulikofanywa na fundi wa hospitali. Akatoa mfukoni muhuri wake mdogo wa kutilia saini, akaupulizia pumzi ili wino ushike, akautafutia mahali chini ya jina lake.

Se-ryeong aliweka mkono juu ya karatasi. Kiganja chake bado kilikuwa kinawaka.

"Samahani, fundi. Usigonge."

"Se-ryeong," Cha alisema taratibu.

"Mkuu, siku ile sikuwa nauliza ukubwa wa kumbukumbu." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilimaanisha mstari wa 214 unaomba kumbukumbu huku umeshika kufuli. Nilimaanisha utajifungia ndani. Nilimaanisha umekosea, Mkuu. Niliona, na nikaandika jina langu chini yake."