Chupa Nambari Moja

Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa nikitafuta jeni moja. Marehemu mke wangu alipenda kuwaambia wageni kwamba mumewe hawezi kuona miwani iliyo juu ya paji la uso wake mwenyewe, lakini ameajiriwa kutafuta kitu kisichoonekana kwa macho.

Jeni hiyo ikiwa na kasoro, mtu wa makamo huanza kuangusha vikombe, kisha hukasirika ovyo, mwishowe husahau majina ya wanawe. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Kuwaeleza watoto wa wagonjwa nilikuwa na mbinu yangu: narusha sarafu, naidaka, naifunika kwa kiganja. "Hivi ndivyo mlivyozaliwa," nawaambia. Watu wanalia, mimi moyoni najisifu kwa kufundisha vizuri.

Mwaka jana, baada ya kuazima damu za watu wenye afya kutoka maabara nyingine, tuliipata. Nilivimba kichwa hadi fundi wetu wa maabara, mama mmoja asiye na maneno mengi, akanibandika jina la Bwana Jeni. Wiki mbili zilizopita aliingia ofisini kwangu na karatasi mkononi.

"Bwana Jeni, chupa nambari moja ina ile kasoro."

Chupa nambari moja ni ya mtu mwenye afya. Kila damu ya mgonjwa tuliilinganisha nayo.

"Umechafua sampuli," nikamwambia. "Hukubadilisha glavu."

"Nilibadilisha."

"Rudia."

Alirudia mara tatu, na kila mara nilikuwa na hotuba mpya: pipeti, joto la friza, uzembe wa vijana wa siku hizi, ingawa mwenyewe amenipita umri. Mara ya nne nikapima kwa mkono wangu. Nusu niliimwaga mezani. Iliyobaki ikatoa jibu lilelile.

"Kwani nambari moja ni nani?" akauliza. "Si lazima aambiwe?"

Ni mimi. Nilipoanza kazi niliona uvivu kutafuta mtu wa kujitolea, nikakunja mkono wa shati, nikajitoa damu, nikaandika daftarini: mwanamume, mzima kabisa. Hiyo "kabisa" niliiongeza kwa majivuno tu. Basi kila kasoro hiyo ilipojitokeza kwa mgonjwa tuliitupa kando, kwa sababu hata mtu mzima kabisa alikuwa nayo. Miaka ishirini na mitatu niliificha mwenyewe, na mshahara nikapokea.

Nikamkumbuka baba. Familia mia mbili nimezihoji kuhusu baba zao. Wangu nilijua alianguka kwenye ngazi akafa, basi. Alikuwa akivunja vikombe, tukamcheka, tukamnunulia vya plastiki.

Nina binti mmoja. Siku zote nimewaambia watu warudi nyumbani wasifichane. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umevaa koti jeupe. Mimi siku tano sikupokea simu zake, nikasingizia vikao. Niliogopa, na hakuna namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Siku ya sita nikaenda kwake, nikaketi jikoni, nikaanza hotuba ileile ninayowapa wagonjwa. Sikukosea neno. Nilipofika penye sarafu, mkono uliingia mfukoni wenyewe.

Akaudaka kabla sijarusha.

"Baba! Watu umewafanyia hivi miaka yote?"

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyekuzaba kofi?"

Akaninyang'anya sarafu, akaitupa kwenye droo ya vijiko. "Haya, sasa niambie kama baba yangu."

Nikaitazama droo. Mwisho nikasema, "Nisamehe, mwanangu. Ninayo. Na wewe sijui."

Akainuka kuchemsha chai, machozi yakimtoka. Yake akaimimina kwenye kikombe cha udongo. Yangu akaiweka mbele yangu kwenye cha plastiki.

Nikakitazama. "Hiki umekinunua lini?"

"Mwaka jana. Ulishanivunjia vitatu." Akajifuta macho kwa mkono wa gauni. "Sikutaka kuuliza, baba. Nilidhani unajua. Si wewe ndiye mtaalamu?"

Nikakishika kwa mikono miwili.