Macho kwenye Skrini ya Marcienne

Macho mawili yalitokea kwenye skrini ya Marcienne saa ya chai, makubwa kama sahani, na kila aliposogeza mshale yakaugeukia. Chumba kizima cha kompyuta pale Base Camp kikaangua kicheko. Marcienne naye alicheka. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anayenuna kwa utani hujipikia utani wa wiki nzima.

"Nakuchunga usilale, dada," akasema Yonatani, Mkongo wa meza ya dirishani. "Na mlango ulitufungulia mwenyewe."

Ni kweli. Mashine yenye nguvu ilikuwa moja, na siku nyingi Marcienne ndiye aliyeikalia. Wengine waliingia humo kwa waya kutoka kwenye meza zao. Zamani kidogo Yonatani alitaka kumwonyesha mchoro wa kisima, mchoro ukagoma kutokea kwenye skrini yake Marcienne. Marcienne akaandika amri fupi, "xhost +", ile inayomwondoa mlinzi wa skrini ili kila mtu apite. Tena akaiweka ijirudie yenyewe kila anapofungua kazi. Kambini, mlango unaofungwa mchana ni wa mgonjwa au wa mwenye nyama jikoni, na Marcienne hakuwa mgonjwa.

Kicheko kilimkauka alipokumbuka faili lililokuwa nyuma ya yale macho. Ulikuwa ushuhuda wa mama mmoja Mrundi, aliopewa autafsiri kwa Kifaransa. Kazi ilitoka kwa Diane, wakili wa mjini Mbarara, ambaye alikuwa amesema mapema, bila kupandisha sauti, kwamba mtu mwingine akiuona hata ukurasa mmoja, kazi imekwisha.

"Yonatani, mwenye kuleta macho huku anaweza kuona nilichofungua?"

"Kuona, kupiga picha, hata kusoma unachobonyeza." Akaacha kutabasamu. "Mimi sikuangalia, dada. Lakini humu tuko batu mingi."

Hapo ndipo mwiba ulipochoma. Yonatani aliweza kuapa kwa niaba yake mwenyewe, si ya chumba kizima.

Marcienne akaifuta ile amri, akamrudisha mlinzi. Macho yakabaki yakimkodolea, maana mlinzi humzuia anayekuja, hamwinui aliyekwisha kuketi. Ikabidi afunge kila kitu, atoke, aingie upya.

Kisha akatoka nje, akasimama karibu na wauza ndizi, akampigia Diane simu. Angeweza kunyamaza, na pengine asingejua mtu.

Diane alimsikiliza hadi mwisho. "Huo ushuhuda nauchukua. Yule mama nitamwambia mimi mwenyewe, ana haki ya kujua. Wewe njoo Alhamisi. Nikielewa ulivyofunga, tutaona kama kuna mwingine."

Alhamisi Marcienne alikwenda Mbarara, akaeleza hatua kwa hatua, hata pale palipomwaibisha. Diane akampa ushuhuda mmoja, mfupi, wa kumpima.

Jumatatu Yonatani alituma macho yake tena. Yakakataa kutokea; jibu la kufukuzwa likamrudia yeye, kwenye skrini yake mwenyewe.

"Ee, umetufungia. Leo kwako kunapikwa nyama?"

"Kunapikwa."

Chumba kikacheka. Yonatani akangoja kicheko kipite.

"Basi hodi, dada."

Marcienne akamalizia sentensi, akalifunga faili, akaandika amri ya kumruhusu Yonatani peke yake.

"Karibu."

Macho yakatokea, makubwa kama sahani, yakaanza kuufuata mshale huku na huku kwenye skrini tupu.