Mawe ya Ukuta wa Kaskazini

Mimi ndiye niliyeisafisha abasia ya Clonmorra, monasteri ya kale, na laiti mikono hii ingekatika kabla. Kwa miaka mia nne lilikuwa gofu la kulishia ng'ombe. Mfalme wa Uingereza aliwafukuza Wasistersiani, wale wamonaki wa kanzu nyeupe, akabandua mabamba ya risasi yaliyoezeka paa lake, kisha sisi wanakijiji tukamalizia kazi. Ingia zizi lolote la nguruwe hapa kwetu, utakuta kipande cha nguzo ya kanisa. Kwa hiyo serikali iliponiajiri nikusanye kila jiwe lililochongwa, nilijituma kama mwehu. Kiangazi kizima niliyang'oa majanini, nikayasugua, nikayapanga kibandani na kuyapiga namba kwa rangi. Nikajiona mtu!

Jumanne asubuhi akaja Bi Nora Hanratty, mjane wa Colm, na chupa ya maji ya baraka mkononi.

"Fintan, mwanangu, nipeleke ukuta wa kaskazini. Padri mpya amekubali, Jumapili anakuja kumwombea mtoto wangu."

"Mtoto gani tena? Wako wote si wako Boston?"

"Wa kwanza. Alikufa kabla ya kubatizwa, na makaburi ya kanisa hayakuwa yakipokea watoto wa namna hiyo. Colm alimleta hapa ndani ya kisanduku cha chai, mimi bado niko kitandani. Sikuthubutu kumwuliza alipomlaza. Alipokuwa anakata roho ndipo akaniambia: chini ya ukuta, nimemwekea jiwe lenye jani la mwaloni."

Chini ya ukuta ule sasa palikuwa na changarawe mpya, niliyoimwaga na kuisawazisha mwenyewe.

"Mbona peupe hivi?" akauliza tulipofika.

Nikampeleka kibandani, kwenye namba kumi na nne. Akalipapasa lile jani kwa kidole gumba, taratibu.

"Ndilo. Ulilitoa wapi?"

"Pale ukutani."

"Pale wapi, Fintan? Ukuta una hatua arobaini."

Nikafungua daftari. Urefu, upana, uzito, vyote nimeandika. Mahali sikuandika. Ningejuaje, jamani? Wanaume walizika, wakafunga midomo, wakafa na siri hiyo.

Tulipotoka nje nikanyoosha kidole. "Nadhani ni hapa."

"Usinifanye mtoto mdogo. Colm alininyamazia miaka hamsini, lakini hakunidanganya."

Akaanza kunyunyiza maji ya baraka kwenye changarawe, tone hapa, tone pale, akikokota miguu kuufuata ukuta. Chupa ikaisha hata robo hajafika. Akaitikisa, akaikung'uta kwenye kiganja, haikutoa kitu. Nikalia mbele yake bila aibu.

"Na yale mengine madogo kibandani?" akauliza. "Uliyatoa hapa hapa?"

"Thelathini na moja. Nilidhani ni vifusi tu, Bi Nora. Haki ya Mungu nilidhani ni vifusi."

Nilitaka anitukane, anipige hata na ile chupa. Badala yake alinishika mkono, akanitazama kwa huruma.

"Masikini. Mama yako naye ana wawili hapa. Hawakukwambia?"

Nikamwuliza ni mawe yapi.

"Baba yako ndiye aliyejua," akasema.

Baba tulimzika Februari.