Chambo cha Mama Senia

Mimi hasira zangu ziko karibu, nasema mapema. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, kisha anyamaze nisimulie.

Mwaka ule nilikuwa mtegaji wa timu ya utafiti wa dubu, huku kwetu mtoni, Sarawak. Kazi yenyewe ni kumnasa dubu, kumlaza kwa dawa, kumpima, kumvisha mkanda wa shingoni unaotuma habari zake, kisha kumwachia, ili tujue anakotembea na miti anayoipanda. Mtego wetu ulikuwa mapipa mawili ya mafuta yaliyochomelewa pamoja, na mlango wa chuma upande mmoja. Dubu akivuta chambo, mlango unashuka, kwisha habari yake.

Na mimi nilimhitaji dubu yule kuliko timu nzima. Nilimpenda Senia, na mama yake alishanitamkia mbele ya baraza zima la nyumba yetu ndefu, ile ya kijiji kizima chini ya paa moja, kila familia na chumba chake: "Ngelai, mwanaume unashindwa na dubu mmoja, binti yangu utamlisha nini? Mnase kwanza, ndipo uje na habari za posa." Mwanamke yule alikuwa na mdomo, Mungu anisamehe!

Tukategea kwenye miti ya maduriani waliyoipanda mababu. Chambo kilikuwa duriani bivu, tunda la miiba lenye harufu ya kumwamsha maiti. Lakini kila asubuhi nakuta mlango wazi, duriani halipo.

"Dubu huyu ana akili," alisema Bi Mei Fong, mkuu wetu.

"Ana laana!" nikajibu.

Kamera tuliyoifunga mtini ilipata picha moja tu ya maana: kitu cheusi, kinene, kimeinama, kimetupa mgongo. Bi Mei Fong akaitazama sana. "Jike," akasema. "Tena ameshiba vizuri." Nikakubali.

Basi asubuhi moja nafika, mlango umeshuka! Ndani kitu kizito kinaguna na kugonga bati. Nilikimbia hadi nyumbani nikipiga kelele kama mwendawazimu. Wakaja wote: mkuu wa nyumba, wazee, Senia mwenyewe na nywele mbichi za kuoga. Kufika pale, mtego kimya. Nikachukua bomba la kupulizia, nikatia mshale wa dawa ya usingizi, nikaingiza ncha kwenye tundu. Nikavuta pumzi.

"Ngelai! Ukinipulizia hicho kijiti, huyo dubu utamwoa wewe mwenyewe!"

Pumzi ikanipalia. Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Mama Senia? Unafanya nini humo?"

"Nimekuja kupumzika! Si nimefuata duriani langu? Siku zote nauzuia mlango kwa fimbo usishuke, leo fimbo imevunjika."

"Duriani lako? Hicho ni chambo!"

"Duriani likiwa chini ni la aliyeliokota. Desturi hiyo umezaliwa umeikuta, hukuja nayo kwenye mapipa yako!"

Tukamgeukia mkuu wa nyumba. Akajikuna kidevu. "Kweli, desturi ni hiyo. Mama Senia hana kosa."

"Umesikia?" likaitikia bati.

"Lakini desturi hiyo hiyo inasema," akaendelea mzee, "kilichoingia mtegoni ni cha mtegaji."

Senia alikaa chini kwa kucheka. "Mama, ulimtaka anase dubu. Huyu kanasa ambacho hata dubu anakikimbia!"

Bi Mei Fong, utepe wa kupimia mkononi, akauliza kwa adabu kama vipimo vianze.

"Thubutu!"

Nikapiga magoti kwenye tundu. "Mama, nikubalie Senia, nikufungulie."

"Fungua kwanza."

"Kubali kwanza!"

Sauti yake ikashuka. "Dubu mnamvisha mkanda mjue aliko. Wewe kazi yako leo mto huu, kesho ule. Ukiondoka na mwanangu, mimi nitajuaje aliko?"

Hakuna aliyecheka. Muda wote huo nilidhani mama yule ananichukia, kumbe aliogopa tu. Niliona haya, mkono uko kwenye komeo, nikaona nimekuwa mshenzi. Nikafungua bila kungoja jibu.

"Mama, nitahamia mimi chumbani kwenu," nikasema. "Kwetu, mume kuhamia kwa mke si aibu. Msituni nitakwenda peke yangu, na nitarudi."

Akatoka kinyumenyume, amejifunga nguo nyeusi, duriani mkononi. Bi Mei Fong akaangalia ule mgongo, akaangalia kamera, akakohoa.

Mama Senia akajipangusa. "Haya, lete posa. Na mlango wako utie mafuta, unakwaruza."

Dubu alinaswa muda si mrefu, chambo kilipoanza kumfikia. Tukampima, tukamvisha mkanda, akaenda zake. Siku ya harusi Mama Senia alinivisha shanga shingoni, akazikaza mwenyewe, akanitazama usoni, akakaza tena.

Tangu hapo, nikichelewa kidogo tu mtoni, nasikia sauti kutoka barazani: "Ngelai! Uko wapi?" Nami naitika upesi, kwa maana nisipoitika anakuja.

Mkanda wa dubu ulidondoka wenyewe msimu ulipokwisha, ndivyo ulivyotengenezwa. Wangu, namshukuru Mungu, bado uko.